Pesa ya operesheni imeshachangwa, na mgongo umeanza kupoa. Nifanyeje?

Shikamoo dada. Naomba jina langu usiliweke na mtaa usiutaje, sema tu ni fundi cherehani wa Morogoro inatosha, maana huku kwetu safu yako wanaisoma sana na mawifi zangu ndo wa kwanza.

Nina miaka 37, watoto wawili. Mwishoni mwa mwezi wa tano nilikuwa naingiza maji ndani, ndoo ya lita 20 tu ambayo nimeibeba maisha yangu yote, nikainama kuitua huku nimejigeuza kumkemea mtoto, nikasikia kiunoni kitu kama kimechanika. Siku ile niliumwa kawaida tu. Kesho yake nashuka kitandani ndo nikajua kuna kazi. Maumivu yanaanzia tako la kushoto, yanateremka nyuma ya paja, yanapita kwenye kigimbi mpaka kidole kidogo cha mguu, kama umeme. Nikikohoa balaa, nikikaa balaa, chooni naenda nimeshika ukuta. Na kilichonitisha zaidi ni mguu kugoma kukanyaga cherehani, yani naupa amri hauna nguvu, pedeli inakwenda nusu inarudi.

Mama mkwe akaleta mzee wa kuchua, akanipaka mafuta akanikanyaga mgongo kwa kisigino, nililia siku mbili. Baadae nikaenda hospitali, X-ray wakasema haionyeshi kitu, nikapewa sindano na diklofenaki na mkanda wa kiuno. Wiki ya tano ndo nikapigwa MRI. Daktari akaangalia picha hata dakika tano hazikufika akasema diski ya L5/S1 imepasuka, ute umetoka nje umebana mshipa wa fahamu, hii ni ya kupasua na ukichelewa mguu utakufa. Bima sina. Gharama zote pamoja na kulazwa ni kama milioni tano na nusu.

Dada, ukoo ulisimama. Shemeji yangu akafungua grup la WhatsApp akawa mhazini, wifi aliyeko Muscat akatuma milioni moja na nusu, mama mkwe akauza mbuzi wake wawili, kikoba chetu nacho kikatoa. Imefika 5,800,000. Tarehe imepangwa, imebaki wiki tatu.

Sasa tatizo langu linaweza kukuchekesha. Nimeanza kupona. Toka kama wiki ya nane maumivu yanapungua kidogo kidogo, sasa hivi ni mwezi wa nne unaingia nalala usingizi, sokoni naenda na kurudi, na mguu unakanyaga cherehani, taratibu lakini unakanyaga. Kimebaki ganzi kwenye kidole kidogo na nikikaa zaidi ya nusu saa tako linaanza kuwaka. Na sijamwambia mtu. Mume wangu nimemwambia nusu nusu tu, akanijibu usije ukaanza maneno hayo sasa hivi, kaka ataniona mimi mtu wa aina gani. Kwa hiyo nikisikia geti linagongwa naanza kuchechemea. Naona aibu hata kuandika.

Nikifanya operesheni naogopa, kuna jirani alipasuliwa mgongo mpaka leo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nisipofanya, siku likirudi nani atanichangia tena? Na nikisema pesa zirudi watasema nilikuwa naigiza, maana mama mkwe mwanzoni kabisa alishasema wanawake wa siku hizi mna migongo ya uvivu. Nisaidie dada. Hii nakuandikia nimesimama kwenye meza ya pasi.

Fundi wa Morogoro

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole ya ndoo, na pole ya geti pia, maana naona hiyo ya geti ndo inakuuma zaidi sasa hivi kuliko kiuno chenyewe.

Nimeisoma barua yako nikaona umefunga mizigo miwili kwenye kanga moja. Kuna mzigo wa diski, na kuna mzigo wa pesa za watu. Umezichanganya mpaka swali la mgongo unalijibu kwa kuangalia sura ya shemeji yako. Hebu jiulize hivi ukiwa peke yako: ile milioni tano na laki nane isingekuwepo, na mguu uko kama ulivyo leo, ungekuwa unatafuta operesheni? Jibu lako mi silijui, na usiniambie mimi kwanza.

Niseme wazi, mi siyo daktari wa upasuaji. Nilikuwa nesi wodi ya mifupa miaka mingi kabla sijaingia kwenye ushauri, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, ila kukuambia pasua au usipasue siwezi, mguu wako sijaushika.

Tuanze na hiki kitu chenyewe. Watu wanasema pingili imetoka, na ndo maana yule mzee akapanda na kisigino airudishe. Pingili yako haijatoka popote. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na wewe fundi utanielewa haraka: ni kama kimto kilichoshonwa kwa tabaka nyingi za kitambaa kigumu, tabaka moja nyuzi zimelala huku, inayofuata zimelala kule, ili kisichanike ukijipinda. Katikati kuna ute mzito. Miaka inavyokwenda kitambaa kinachakaa pole pole, kwa umri, kwa urithi wa familia, kwa mizigo, sigara nayo ipo kwenye orodha kwa wanaovuta. Halafu siku moja unainama huku umejigeuza, mshono unaachia, ute unachuruzika nje na kuangukia pembeni ya mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa hiyo ndoo usiilaumu sana, yawezekana ilimalizia tu. Ugonjwa huu wa kiunoni karibu wote unatokea kwenye diski mbili za chini kabisa, na yako ya L5/S1 ndo ya mwisho. Mshipa unaobanwa hapo ndo unapita nyuma ya paja na kigimbi hadi kidole kidogo, na ndo huohuo unaokupa nguvu ya kukandamiza mguu chini. Pedeli ya cherehani ilikupimia kabla ya daktari!

Sasa kupona. Umeandika kama mtu aliyeshikwa na kosa, "nimeanza kupona", kana kwamba mwili wako umekusaliti mbele ya ukoo. Mwili umefanya kazi yake. Ule ute maisha yote ulikuwa umefungiwa ndani ya diski, damu haufahamu, ukitoka nje seli za ulinzi zinauona mgeni, zinauvamia na kuula kidogo kidogo, na maji yaliyomo nayo yanakauka. Mwanzoni huo uvamizi ndo sehemu ya maumivu, maana mshipa haubanwi tu, unawashwa pia na kemikali za uvimbe. Uvimbe ukipoa maumivu yanashuka, mara nyingi hata kabla kipande chenyewe hakijaisha. Na hapa kuna jambo hata manesi wenzangu lilikuwa linawashangaza: ute uliotoka nje kabisa unasinyaa zaidi kuliko diski iliyovimba tu bila kupasuka. Watafiti waliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2015 walikuta katika diski zilizovimba tu ni asilimia 13 ndo zilisinyaa, zile ambazo ute umechomoka kama wako asilimia 70, na ambazo kipande kimekatika kikajitenga kabisa asilimia 96. Yani ile picha mbaya iliyomtisha daktari na kukutisha wewe, kwa upande huo ina habari njema kidogo ndani yake. Ila tusidanganyane, asilimia 70 maana yake kuna 30, na kule kupasuka kwa kitambaa kunafunga kwa kovu, diski hairudi kuwa mpya ya dukani.

Halafu ile MRI ni ya wiki ya tano. Leo uko mwezi wa nne. Umeshikilia picha ya mtu wa zamani kidogo. Na hata picha mpya haisemi yote, mwaka huohuo wa 2015 watafiti wengine walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo, na kwa wenye miaka 40 nusu yao walikuwa na diski iliyovimba. Wanalima, wanacheza ngoma, hawajui kama wanayo.

Lakini daktari wako nisimtupie mawe. Dakika tano ni chache kweli, na maneno "mguu utakufa" ningependa angeyasema kwa namna nyingine. Ila yeye alimwona mwanamke ambaye mguu hauna nguvu ya kukanyaga, na nguvu kupungua ni sababu ya kweli ya kufikiria upasuaji, tofauti na maumivu peke yake. Hajakuona tena tangu nguvu irudi, au umeenda na hukuniambia? Kama hujaenda, basi tarehe yako imepangwa kwa mguu ambao siyo ulionao leo. Jaribu nyumbani, shika meza ya pasi, simama kwa ncha ya mguu wa kulia peke yake, panda ushuke mara kumi, halafu wa kushoto. Ukiona wa kushoto unachoka mara ya nne au kisigino hakinyanyuki, mweleze hivyo hivyo. Ukiona vinafanana, mweleze pia. Hicho kipimo hakilipiwi na kinampa daktari kitu ambacho picha haimpi.

Njia ulizonazo naziona hivi. Ya kwanza ni kusubiri ukiwa na mtu anayekufuatilia, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) na daktari, siyo kusubiri kwa kujificha kama ufanyavyo sasa. Ya pili ni kupasuliwa kama ilivyopangwa. Waholanzi walizilinganisha hizo mbili, matokeo yakatoka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu ya wiki 6 hadi 12. Nusu wakapelekwa upasuaji mapema, nusu wakaambiwa wasubiri na wapasuliwe wakishindwa. Waliopasuliwa mapema maumivu ya mguu yalipungua haraka zaidi, hilo halina ubishi. Katika waliosubiri, 39 kati ya 100 waliishia kupasuliwa pia, walishindwa kuvumilia. Mwaka ulipoisha, pande zote mbili karibu asilimia 95 walisema wamepona. Sasa hiyo unaweza kuisoma ukasema mbona operesheni ni kupoteza pesa, na mwingine akaisoma akasema miezi ya kuteseka ya nini wakati kuna njia ya mkato, na wote wana hoja. Kwa mtu asiyelala usiku, miezi mitatu ya nafuu ya haraka ni kitu kikubwa. Swali ni kwamba wewe sasa hivi unalala. Faida kubwa ya operesheni ilikuwa kuharakisha, je kilichobaki cha kuharakisha ni kiasi gani? Hilo muulize daktari kwa maneno hayo hayo, na muulize pia ganzi ya kidole, kwa sababu ganzi mara nyingi huwa ya mwisho kuondoka na wakati mwingine inabaki kidogo hata kwa aliyepasuliwa.

Kusubiri nako kuna hatari zake. Linaweza kurudi, unaweza kuwa na wiki nzuri tatu na mbaya moja ukakata tamaa, na dawa za maumivu ukizimeza miezi na miezi bila kusimamiwa (diklofenaki hasa, watu wanaila kama karanga) zinaharibu tumbo na figo na kupandisha presha. Upasuaji nao una hatari zake, maambukizi, mshipa kujeruhiwa, utando wa mishipa kutoboka, na wachache diski ileile inachomoza tena baadae, kwa hiyo usidhani ukipasuliwa hilo swali la "likirudi" linafutika.

La jirani. Sijui alipasuliwa nini na wewe pengine hujui. Mgongo ni mrefu, na watu wanaishia kwenye kiti kwa ajali, kwa uvimbe, kwa TB ya mifupa ambayo kwetu huku ipo, wakati mwingine operesheni ilikuwa jaribio la kuokoa kilichobaki. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba kuu, unaishia juu kidogo ya kiuno, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Pale kwenye L5/S1 yako hakuna kamba, kuna mishipa inayoning'inia kama nyuzi za pindo. Inaweza kujeruhiwa ndiyo, ila kupooza miguu yote kwa operesheni ya pale ni nadra. Muulize jirani mwenyewe siku moja, ukimpelekea hata maandazi, badala ya kumwogopa kwa mbali. Na kwa kuwa nimeitaja TB: kama unatoka jasho usiku, homa za jioni, unapungua bila sababu, hilo ulitaje hospitali hata kama hukuulizwa.

Hapa nabadilisha sauti kidogo. Ukianza kupata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila kujua, haja kubwa ukashindwa kuizuia, miguu yote miwili ikalegea, au mguu wa kushoto ukapoteza nguvu tena ghafla, usisubiri tarehe wala kikao, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Hapo saa zinahesabiwa, na hiyo ndo hali ambayo daktari akisema "ukichelewa" anamaanisha kweli.

Nje ya hapo, una muda. Wiki tatu zinatosha kurudi kwa aliyekupangia, na zinatosha kutafuta jicho la pili. Taasisi ya mifupa pale Muhimbili inaona migongo kila siku ya kazi, na kutoka Morogoro ni safari ya basi, ingawa hiyo safari ya kukaa saa kadhaa uipangie vituo vya kushuka na kutembea. Kuomba maoni ya pili siyo kumtukana wa kwanza.

Sasa mzigo wa pili. Hukuigiza mdogo wangu, ulipochangiwa ulikuwa unaumwa kweli, pesa zilitoka kwa maumivu ya kweli. Unachoigiza ni hizi wiki za karibuni, na ninakuelewa, kuchechemea kumekuwa risiti unayowaonyesha waliotoa. Ila angalia inachokugharimu. Mgeni akija unalala au unakaa, wakati mgongo wako sasa unataka kutembea. Kulala kitandani kulishapimwa huko huko Uholanzi, 1999, wagonjwa 183, walioambiwa walale kitandani wiki mbili hawakupona vizuri kuliko waliobaki wanajishughulisha.

Nina wasiwasi pia kuhusu hukumu uliyoshampa mama mkwe. Ndiyo, neno la migongo ya uvivu ni baya, lingeniuma hata mimi. Lakini ni yeye aliyeleta mchuaji, kwa ujinga wake lakini alileta, na ni yeye aliyeuza mbuzi. Mtu anayedhani mkamwana anaigiza hauzi mbuzi wawili. Huenda alikuwa anaogopa kuliko ulivyojua. Au labda nimekosea, wewe ndo unaishi naye.

Ningekuwa na uwezo wa kupanga mpangilio ningeanza na mumeo, na siyo nusu nusu. Amekujibu kwa hofu ya kaka yake kabla hajasikia habari yote, hajui kwamba mguu unakanyaga. Mwonyeshe, kaa kwenye cherehani akuone. Mwende wote wawili kwa daktari, ili neno lolote litakaloenda kwenye grup liwe limetoka hospitali na siyo kwenye mdomo wako. Kisha shemeji kama mhazini, pembeni, kabla ya grup. Anaweza kuchukia. Anaweza pia kupumua, maana kushika pesa za ukoo siyo kazi ya raha. Pesa zenyewe mnaweza kukubaliana zikae mpaka mwezi fulani mkiangalia hali, au sehemu itumike kwa fizio na vipimo nyingine irudi, au zirudi zote. Zikikaa bila tarehe zitazaa maneno, na zikirudi zote halafu mguu ukasumbua, kweli kuomba tena ni kugumu, hilo sikufichi. Na ukienda ukapasuliwa kwa sababu tu zimechangwa, hayo nayo ni mawazo ambayo utakuwa nayo wodini wakati unasubiri zamu. Ukiamua kupasuliwa kwa sababu umezungumza na daktari na mguu bado una udhaifu, hiyo ni habari tofauti kabisa na sitakushangaa.

Kazi usiache. Shona nusu saa, inuka, kata vitambaa ukiwa umesimama, rudi. Ndoo ya lita 20 igeuze mbili za kumi kwa sasa, na ukigeuka geuza miguu na mwili wote pamoja, usikipinde kiuno peke yake. Kama una wateja wa sare za shule za Januari, waambie mapema utapunguza idadi.

Niandikie ukishatoka kwa daktari, uniambie hiyo ncha ya mguu wa kushoto ilipanda mara ngapi. Andika hapohapo kwenye meza ya pasi, usikae.